Simu ya Mkubwa Ikilia, Toka Nje

Mwaka wa 1999 simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kutazamwa mjini Embu, na Bwana Kithaka alilijua hilo vizuri. Aliiweka katikati ya meza ya hoteli, kando ya bakuli la kachumbari, kila mtu aione.

Mutegi hakuja kutazama simu. Alikuja kutafuta kazi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu apunguzwe kazini pamoja na maafisa mifugo wenzake, na muda huo wote alishinda nyumbani Kanja akimkatia majani ng'ombe mmoja wa mkewe, Cicily. Sasa Kithaka, aliyesoma naye chuoni, alikuwa meneja wa mradi wa mbuzi kule Mbeere kwenye ukame. Nafasi ilikuwa moja, na ingejazwa siku hiyo.

"Wewe kuja tu Friday ukule na sisi," Kithaka alikuwa amemwambia. "Watu wajuane. Kazi siku hizi inapatikana kwa meza."

Asubuhi hiyo Cicily alilipiga koti la mumewe pasi mara mbili. Mutegi aliiogopa pasi ile ya pili. Alijua kwamba akirudi mikono mitupu, kwa umri wake wa miaka arobaini na tisa, hakuna mwingine atakayemwita.

Mezani, pamoja na watu wachache wa mradi, alikuwepo pia Linda, binti aliyemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, naye akiitafuta kazi hiyo hiyo. Mbuzi wa Mbeere alikuwa amewaona kwenye picha tu. Mutegi alimjua kila mfugaji wa huko, kutoka Siakago hadi Ishiara, na alipoanza kueleza jinsi ugonjwa wa mapafu unavyomaliza zizi zima kwa wiki moja, Kithaka aliacha kutafuna ili asikilize. Hapo ndipo simu ilipolia.

Mutegi akasimama, akatoka nje.

Usimcheke. Katika ofisi ya wilaya alikofanya kazi, simu ilikuwa moja tu, juu ya meza ya mkubwa. Ikilia, uliacha maneno yako nusu, ukatoka, ukafunga mlango, ukangoja kwenye korido mpaka uitwe. Miaka ishirini na miwili Mutegi alitoka hivyo, na akasifiwa. Hata barua ya kumwachisha kazi ilisema ni mtu mwenye adabu. Adabu imlishe basi!

Akangoja kibarazani kando ya pipa la maua. Hakuna aliyemwita. Alipochungulia na kuona simu imerudi mezani, aliingia, akaketi, akaanza upya habari ya mapafu. Simu ikalia tena. Akatoka tena. Wenzake waliendelea kutafuna na kupiga gumzo Kithaka akiongea na simu, naye Mutegi akawaona watu wasio na malezi.

Simu ilipolia mara ya tatu akatoka vilevile, na kupitia kioo alimwona Kithaka akikigeukia kiti kitupu, akiangaza macho huku na huku, kisha akimpa Linda simu. Mutegi akageuza uso, asije akaonekana anasikiliza mambo ya watu.

Alipoingia, chapati yake ilikuwa imepoa.

"Mutegi, ulikuwa umeenda wapi?"

"Hapo nje tu. Ulikuwa kwa simu."

"Sasa kila saa unatoka, unatoka! Huyo alikuwa director, ako Nairobi. Ameuliza kama niko na mtu anajua Mbeere, waongee. Nageuka, hauko. Nikafikiria hii kazi hutaki."

"Nilikuwa nakuheshimu, bwana."

"Ameongea na Linda. Anaanza Monday."

"Pole, mzee," Linda akasema, na alikuwa na huruma ya kweli. Huruma ile ilimchoma Mutegi kuliko kama angemcheka.

"Hakuna mahali pengine?" akauliza. Aliisikia sauti yake ikiomba, akaona aibu.

Kithaka akafungua kinywa kumjibu. Simu ikalia.

Hakukuwa tena na kitu cha kupoteza. Angeweza kukaa hapo hapo, amalize chapati yake, asikilize mazungumzo ya mkubwa mpaka mwisho kama wengine. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kusimama. Akatoka, akaufunga mlango polepole usipige kelele, akasimama kando ya pipa la maua, akangoja aitwe.