Mwenyewe Aje Mwenyewe

Haya nimeambiwa na dobi mwenyewe, mwaka juzi mwezi wa baridi, siku niliyompelekea mapazia yangu na makaa ya pasi yakagoma kushika moto. Tulikaa kwenye benchi lake tukiyapepea kwa zamu. Alipomaliza kusimulia makaa yalikuwa mekundu, naye akainuka akaanza kupiga pasi kama hajasema kitu.

Jumanne moja dobi aliamka, akaweka maji ya chai jikoni, akamimina maziwa kidogo kwenye kisahani cha bati, akaita. Paka hakuja. Akagonga kisahani kwa kijiko mara tatu, kama kila siku. Kimya. Juu ya kabati, pale paka alipozoea kulala, shuka lilikuwa limebonyea na bado lina joto, na manyoya mawili matatu ya kijivu yamebaki.

Paka huyo jina lake lilikuwa Mwenyewe. Alipewa na marehemu mume wa dobi, fundi bomba, mtu wa utani. Paka aliingia uani siku ya mvua, mdogo wa kuenea kwenye kikombe. Dobi akauliza, "Nani kamleta huyu?" Mumewe akajibu, "Kaja mwenyewe." Wakangoja aondoke, hakuondoka, jina likashika. Miaka sita mtaa mzima ulimsikia dobi kila jioni akiita Mwenyewe, Mwenyewe, na hakuna aliyegeuza shingo.

Fundi bomba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na tangu afe dobi alikuwa mtu wa nenda rudi kwenye ofisi ya nyumba na viwanja. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili na ua wa kuanikia. Mchanga wake aliuchanganya dobi, maji aliyabeba dobi, ndoo kwa ndoo, na hata leo alama ya kiganja chake iko kwenye saruji ya kizingiti, kwa sababu aliteleza ikiwa mbichi na mumewe akakataa kuifuta. Dirisha namba tatu lilikuwa na karani kijana, mwenye adabu zake. Alimwamkia dobi vizuri kila mara, na kila mara akamwambia neno lile lile.

"Mama, mwenyewe aje mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi, mwanangu."

"Wewe ni mjane wa mwenyewe. Si kitu kimoja, mama."

"Mwenyewe yuko makaburini."

"Basi aje ndugu yake."

Huyo ndugu, mdogo wa marehemu, alikuwa tayari zamani. Alikwisha kuja na futi, akapima vyumba dobi akiwa kazini, akimwambia, "Shemeji, sogea kidogo hapo," kama mtu anayesogeza kiti.

Jumatatu ofisi ilileta tangazo. Tarishi aliyelileta alikuwa anaumwa bega, mkono haupandi, hivyo alilibandika mlangoni chini kabisa, usawa wa goti. Liliandikwa: MWENYEWE AFIKE OFISINI MWENYEWE, PAMOJA NA PICHA NNE, KABLA YA JUMANNE SAA TISA ALASIRI. ASIPOFIKA, NYUMBA ITAANDIKWA KWA NDUGU WA KIUME. Dobi alilisoma akiwa amechuchumaa, akaingia ndani. Baada yake paka alikaa mbele ya tangazo hilo mchana kutwa, mkia umeizunguka miguu. Jua lilihama, yeye hakuhama. Dobi alidhani anavizia mjusi.

Kwa hiyo Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, na dobi alikusudia kwenda dirisha namba tatu asubuhi na mapema, na kulia ikibidi. Lakini hakuweza kufunga mlango paka akiwa hajulikani aliko. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mwingine wa kumngoja. Akachukua kisahani na kijiko, akatoka.

Alianza na nyumba ya jirani, yenye wapangaji wapya.

"Hodi. Hamjamwona Mwenyewe?"

"Mwenyewe hakai hapa, mama," alisema mwanamke aliyekuwa anaosha vyombo. "Sisi tunamsikia tu. Wewe ukimwona, mwambie paa linavuja."

Nyumba ya pili walimjibu kwamba mwenyewe ana nyumba nyingine saba na hajawahi kuikanyaga hii. Ya tatu walimwuliza kama ametumwa na mwenyewe, na kabla hajajibu wakaanza kumweleza habari za choo. Dobi aliwasikiliza wote. Alishangaa kidogo tu kwamba mtaa wenye nyumba nyingi hivyo hauna mwenyewe hata mmoja, akaendelea kugonga kisahani.

Kwa kinyozi ndipo alipopata habari.

"Alikuwa hapa tangu saa moja," kinyozi alisema, akikung'uta taulo. "Kakaa kwenye kiti, nimempunguza masharubu na hizi za nyuma ya masikio. Hakutikisika. Kuna watu wazima wananisumbua kuliko yeye."

"Hakusema anakwenda wapi?"

"Sikumchokoza. Alionekana ana mawazo."

Dobi alishukuru, akavuka barabara hadi kwa fundi viatu, mzee ambaye kibanda chake kinanuka gundi tangu dobi alipokuwa bibi harusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unamtafuta Mwenyewe. Kaondoka sasa hivi. Nimempatia viatu vinne vyeusi, vya kuchomeka tu, maana kamba zingempa taabu. Naye kanikamatia panya wawili humu, tumemalizana."

Dobi alitazama ndara zake mwenyewe, zimening'inia kwenye msumari pale pale alipoziacha.

"Baba, si uliniambia mimi nisubiri wiki mbili?"

"Nilikuambia."

"Hii ya tatu."

"Yeye alikuwa na haraka, mwanangu. Ana shughuli ofisini."

Hapo ndipo hasira ilipoanza kumpanda dobi, polepole, kama maji ya kufulia yanavyopata moto. Alijikaza kisabuni, akaenda kwa mpiga picha bila kuambiwa, kwa kuwa mtu mwenye viatu na masharubu yaliyochongwa hawezi kuwa anakwenda kwingine.

"Picha nne nimempa," mpiga picha alisema. "Hii ya tano alisogeza sikio, imeharibika. Chukua." Akaitazama kidogo kabla ya kumpa. "Hapa kwenye paji la uso, mama dobi, anafanana na marehemu."

Pichani Mwenyewe alikuwa ametazama mbele, nyuma yake kitambaa cheupe, na macho ya mtu asiyetaka mchezo. Dobi aliitia mfukoni. Ilikuwa saa sita na robo.

Ofisi ya nyumba na viwanja ilikuwa imejaa. Watu walikaa kwenye mabenchi, walisimama ukutani, na wengine walichuchumaa. Dobi alipita katikati yao akisema samahani, samahani, hadi dirisha namba tatu. Paka wake hakuwa kwenye foleni. Alikuwa upande wa pili wa kioo, upande ambao dobi hakuwahi kukaribishwa, amekaa kwenye kiti chenye mto, na mbele yake glasi ya maziwa imewekwa juu ya faili ili isichafue meza.

"Shikamoo mama," alisema karani.

"Marahaba. Huyo ni paka wangu."

"Tunajua, mama. Fomu haina mahali pa kuuliza hilo." Akaigeuza fomu aione. "Jina, Mwenyewe. Jinsia, dume. Anaishi kwenye nyumba hiyo, ndiyo. Picha nne, hizi hapa, safi kabisa. Amekuja mwenyewe? Ndiyo, kaja mwenyewe. Yaani mama, kwa miaka yangu yote hapa sijapata fomu iliyojaa namna hii."

"Na yangu?"

"Yako ilikwama kwenye jinsia." Karani alishusha sauti asimwaibishe. "Halafu, usinielewe vibaya, yeye tangu kaingia hajasema neno. Mtu asiyesema mambo yake huenda haraka. Wewe mama unaeleza sana."

"Kiganja changu kiko kwenye kizingiti cha nyumba ile."

"Na yeye kaweka chake." Karani akafungua ukurasa wa mwisho. Chini, juu ya mstari wa sahihi, kulikuwa na alama ya wino ya kiganja cha paka, vidole vinne na tako la kiganja, na juu yake mhuri.

Dobi aliutazama mhuri. Alikuwa ameutafuta mwaka mzima.

Shemeji yake alikuwepo pia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele tangu ofisi ilipofunguliwa, ameshika bahasha, futi imetuna mfukoni. Walipomwambia mwenyewe amekwisha kufika, dobi alitegemea atapiga kelele, kwa vile kwake hapigi hodi bila kelele. Hakupiga. Alisogea kwenye kioo, akavua kofia, akamwamkia paka. Kisha akamgeukia dobi.

"Shemeji, mbona hukusema nyumbani kuna mwanamume?"

Saa tisa ofisi ilifungwa, na dobi na Mwenyewe walirudi nyumbani kwa miguu. Paka alitangulia, viatu vikilia ko, ko, ko, ko, karatasi ameiuma kwa meno. Dobi alimfuata na kisahani chake. Kinyozi alisimama mlangoni kumpongeza paka. Fundi viatu aliinua kichwa, akaangalia kama visigino vinakaa sawa. Kwenye nyumba ya jirani wapangaji wote walitoka nje, na yule mwanamke wa vyombo akajifuta mikono.

"Mwenyewe, shikamoo. Paa linavuja."

Paka alisimama, akatazama paa, akaendelea na safari.

"Walau katazama," walisema wapangaji, wakarudi ndani wameridhika.

Mlangoni dobi alipiga goti, akamvua paka viatu kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimvua fundi bomba akirudi na matope. Akagundua anachokifanya katikati ya kiatu cha tatu. Cha nne alimwacha nacho.

Kisha akakaa kwenye benchi, akaisoma karatasi. Juu iliandikwa: Mwenye nyumba, Mwenyewe. Chini yake: Vilivyomo ndani. Kitanda kimoja. Kabati moja. Meza ya kupigia pasi moja. Pasi mbili, moja mbovu. Dobi mmoja.

Aliisoma mara mbili, asije akawa amekosea, kwa sababu shule aliiacha mapema. Hakukosea. Walimweka baada ya pasi mbovu.

"Ungesema," alimwambia paka. "Ulikaa kwenye kiti chao, umekunywa maziwa yao, ungesema nyumba ni ya mama. Neno moja tu. Mimi nimesema maneno mwaka mzima hakuna aliyeyasikia. Lako wangelisikia."

Paka alikuwa anahangaika na kile kiatu cha nne. Alikikung'uta, alikiuma, mwisho kikatoka kikaingia uvunguni.

Karatasi ilikuwa na mikunjo na matundu ya meno. Dobi hawezi kuona kitu kilichokunjamana akakiacha, hata kiwe cha adui. Aliwasha makaa, akailaza karatasi juu ya meza, akaifunika kitambaa chenye unyevu, akaipiga pasi taratibu, kwanza Mwenyewe, kisha kitanda, kisha kabati. Alipofika kwenye mstari wa mwisho aliikandamiza pasi pale, akaiacha muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Alipofunua, karatasi ilikuwa imenyooka kama shati la harusi na maneno yote yapo, dobi mmoja yupo.

Jua lilipokuwa linashuka shemeji alikuja. Alipiga hodi kwa sauti ya chini, akangoja akaribishwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba. Mkononi alikuwa na chupa ya maziwa.

"Mwenyewe yupo?"

"Mimi nipo."

"Namwulizia mwenyewe, shemeji."

Dobi alisogea mlangoni, akampisha. Shemeji alipita amenyata, akammiminia paka maziwa kwenye kisahani cha bati, akakaa ncha ya kiti. Alimweleza habari za ua, kwamba ni mpana bure, kwamba panaweza kujengwa chumba cha tatu na mtu wa kuaminika akakaa humo kumsaidia kusimamia. Alizungumza kwa heshima, akimwita kaka. Paka alikunywa maziwa yote, akapanda juu ya kabati, akalala.

"Hajakataa," alisema shemeji.

"Hajakubali."

"Nitakuja kesho akiwa ameamka. Wewe usimsumbue, amechoka na mambo ya ofisini." Alitoka kinyumenyume, akiuangalia usawa wa ukuta, na kwenye kizingiti akakanyaga kiganja cha saruji kama anavyokikanyaga siku zote.

Dobi alifunga mlango. Aliweka karatasi chini ya godoro. Picha ya tano, ile ya sikio lililosogea, aliichomeka kwenye kioo pembeni ya picha ya mumewe, akazilinganisha, na kweli kwenye paji walifanana. Hakula. Alipanda kitandani mwanga wa mwisho ukiwa bado dirishani, akalala upande wake wa ukutani, kwa mazoea, ule upande mwingine akauacha wazi.

Mwenyewe akashuka kabatini, akaja kujilaza pale pale palipoachwa wazi, mgongo umenyooka, kichwa juu ya mto.

Dobi alimsukuma kwa mguu hadi chini. Paka akarudi. Akamsukuma tena, na paka akarudi tena, bila ugomvi, kama mtu anayerudi kwake. Mara ya tatu dobi alinyoosha mguu, akauweka tayari ubavuni mwa paka, akawa anatafuta nguvu ya kusukuma. Hapo usingizi ukamchukua, mguu ukiwa umenyooka vile vile.