Odowa ya Lorine

Mimi huuza odowa sokoni Ndhiwa, yale mawe laini ya udongo ambayo wanawake wetu hutafuna, hasa wakiwa na mimba. Msinitazame hivyo. Mama yangu aliuza, na mdogo wangu Lorine alitafuna tangu utotoni.

Mwezi wa Machi alipasuliwa utumbo hospitalini Homa Bay. Siku ya tano kidonda kilikuwa bado wazi, kinatoa maji. Nesi Nyamhanga akaniita kando.

"Mama, mtu akipasuliwa kwa dawa ya usingizi, madini kwenye damu hushuka. Zinki ndiyo husaidia kidonda kufunga, na ya huyu ilikuwa chini hata kabla. Ameze hizi tembe, ale dagaa wa omena na mayai. Kuna kitu kingine anakula?"

"Chakula tu," nikasema.

Uongo mtupu! Kila saa ya kuona wagonjwa nilikuwa namletea odowa kwenye fundo la leso. Alinibembeleza: "Dada, mdomo hauna ladha. Kamoja tu." Ningemnyima vipi? Tangu mama afe, mimi ndiye niliyemlea. Anameza tembe mbele ya nesi, nesi akigeuka, anatafuna. Tulikuwa tunacheka sana.

Siku ya tisa homa ikapanda. Nyamhanga akaona unga wa kijivu kwenye shuka, akaupangusa kwa kidole, akaniangalia. Hakunifokea. Laiti angenifokea!

"Udongo huu hunasa zinki tumboni, Mama. Haifiki kwenye damu."

Nilitupa odowa yote kwenye pipa. Nikamlisha omena kwa mkono wangu, nikamsihi, "Kula, mtoto wangu, kula." Alikula vijiko viwili. Usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Alhamisi saa nane mchana akafa, ameshika leso yangu.

Watu wananiambia huenda angekufa hata bila odowa. Nyamhanga mwenyewe alisema hivyo. Sitaki kusikia.

Baada ya mazishi nilifungua mfuko wa nguo zake, nikakuta kipande kimoja amekificha ndani ya soksi. Kimeng'atwa upande, na ule mwanya wa meno yake ya mbele umeacha mstari katikati. Nilikwenda nacho hadi chooni nikitupe, nikashindwa. Alama ya meno ya mdogo wangu ndiyo iliyobaki, nayo iko kwenye jiwe nililompa mimi.