Mvua ya Kuzima Moto

Mlango wangu haujui kufungwa mchana. Anayetoka bombani anapita kwangu, anayetoka kanisani anapita, na aliyegombana na mumewe ndiye wa kwanza kupita. Kwa hiyo Jumatatu ile Mama Eugénie alipokatiza mbele ya nyumba na jembe begani bila kuingia, nikajua kuna jambo.

"Mama Eugénie! Chai yangu imekuwa mbaya?"

"Chai itaningoja, Mama Shukrani. Mvua njo haitaningoja."

Nikaacha sufuria nikamfuata. Ningebakije?

Mama Eugénie alifika kambi yetu ya Dzaleka, huku Malawi, baada ya Pasaka, akitokea milimani juu ya Uvira. Alitoka kwao na vitu viwili vya maana: rozari, na maharage ya zambarau yenye madoa meupe, ameyafunga kwenye kitenge kiunoni. Njiani alilala njaa na hakuyagusa. Kijiji chake kilikwisha kutawanyika. Hakubaki hata mtu mmoja wa kumtumia mengine. Hayo aliyoyahamishia kwenye mkebe yakipotea, basi yamepotea.

Sasa, kwao kuna desturi. Kabla ya kupanda, mbegu zinapelekwa kanisani kuombewa, na tangu siku hiyo si zako tena. Huzili, wala huzirudishi ndani. Akamwomba Padri Gaspard, naye akazibariki Jumapili, mwezi wa kumi, jua likiwa kali mpaka mabati yanalia. Mchana huohuo mvua ikanyesha! Kumbikumbi wakatoka ardhini wengi kama harusi, batoto wakawa wanawakimbiza na mabeseni, na jioni ukungu ukakaa juu ya vilima vya Dowa.

"Umeona?" aliniuliza shambani, akifukia mbegu kwa kidole cha mguu. "Kwetu baba mkwe alikuwa anatoka alfajiri kuangalia ukungu. Ukishuka mpaka kwenye migomba, na kumbikumbi bametoka, nyumba yote inashika jembe. Hata mwenye homa. Tunaomba mstari wa kwanza, tunaimba mingine."

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Maharage nayajua yakiwa kwenye sufuria. Nikasema amina, nikashika jembe. Tukamaliza mkebe wote.

Tulikuwa tunapangusa matope ndipo akapita Nabanda, mwanamke wa kijiji cha jirani anayetuuzia mboga. Kwa miaka mingi ya kubishana bei na sisi, Kiswahili chetu amekimeza chote pamoja na matusi. Akasimama, akaangalia mistari yetu, akashika mdomo.

"Amayi, mumefanya nini?"

"Tumepanda. Huoni mvua?"

"Hiyo si mvua. Hiyo ni chizimalupsa. Inakuja kuzima moto wa majani yaliyochomwa, halafu inaenda zake. Mvua ya kupanda bado sana. Jua litarudi kali kuliko lilivyokuwa."

Mama Eugénie akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Mungu aliituma siku ya baraka."

"Aliituma kuzima moto," Nabanda akasema, akaenda na beseni lake kichwani.

Kesho yake jua likarudi. Keshokutwa yake likazidi. Udongo wa juu ukapasuka kama kisigino. Ambroise, mtoto wake anayeshona nguo Lilongwe, akapiga simu, na mama akaiweka kwa sauti kubwa ili na mimi nisikie. Anajua nisiposikia nitauliza.

"Maman, huku Area 25 hata vumbi halikulala. Fukua hizo mbegu mbio."

"Zimebarikiwa, Ambroise. Nitamnyang'anya Mungu?"

"Basi ziache. Nitakununulia zingine sokoni."

Mama akakata simu bila kuaga. Kwa mara ya kwanza nilimwona anakaa kwangu na chai mpaka inapoa. Wageni wakapunguza sauti wenyewe.

"Nikifukua, nimesema sina imani," akasema. "Nikiacha, zinakufa. Na zikikufa, batoto ba Ambroise batakula nini na kusema, hii njo ya kwetu?"

Nilikuwa na jibu, mimi siku zote nina jibu, ila hilo halikutosha. Nikamsindikiza kwa Padri Gaspard. Yeye naye ni wa Bukavu, jembe alilishika mara moja, siku ya kupigwa picha. Alikuna kichwa.

"Mama, mi nilibariki mbegu," akasema mwishowe. "Siku sikuibariki. Siku ulichagua we."

 Mama Eugénie akacheka kidogo, kicheko cha aibu, mkono mdomoni.

Tulirudi shambani na nyumba yangu nzima nyuma yetu: wageni, majirani, mpaka jamaa fulani aliyekuja kuazima chumvi tu. Mama Eugénie akapiga magoti kwanza. Hakunong'ona. "Baba, nilisoma anga ya huku kwa macho ya kwetu. Si kwamba nakunyang'anya. Naomba uningojee bado kidogo." Tukaanza kufukua kwa vidole, polepole. Zilizokwisha kutoa mzizi alituamuru tuzifukie tena, akazimwagia maji ya kuoshea vyombo na kuziachia Mungu. Zilizokuwa nzima tukazikung'uta. Nabanda akatukuta hapo, akacheka mpaka akaliweka beseni chini.

"Wakongo! Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona watu wanavuna Jumatano walichopanda Jumatatu!"

"Cheka, dada," Mama Eugénie akamwambia. "Ukimaliza, inama hapa utusaidie."

Akainama.

Mbegu zilikauka kivulini, juu ya kitanda changu, na wageni wakakaa chini. Zile zilizobaki shambani zilichipuka, zikanyauka zote. Mvua nyingine ndogo ikaja, Mama Eugénie akatoka mlangoni akaiangalia tu, mikono nyuma. Akimwona Nabanda anauliza, "Leo?" na Nabanda anatikisa kichwa. Karibu kila siku hivyo, mpaka watu wakaanza kuwaigiza bombani.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, kulinyesha usiku kucha na asubuhi bado. Nabanda mwenyewe akaja mlangoni na jembe lake, amelowa, na safari hii hakungoja kuulizwa.

Shambani, Mama Eugénie akashika mbegu ya kwanza. Kwao ni mama mkubwa wa nyumba anayeomba. Akamgeukia Nabanda.

"Omba we. Mi nimeshasema yangu. Mvua ya huku inakujua."

Nabanda akaomba kwa Kichewa. Tulishika maneno mawili matatu tu, mvula, yaani mvua, na zikomo, asante, ila amina tuliitika kwa nguvu. Mama Eugénie akaidondosha mbegu shimoni, akaifukia kwa kidole cha mguu, akasogea hatua moja, akaanza wimbo.