Kiti cha Mwenye Hisa

Wifi yake Mama Gawio alifariki Jumatatu asubuhi, akiwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja cha kwendea kazini. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, kiti cha Mfanyakazi kilibaki kitupu kwenye kikao cha kiwanda cha sabuni.

Kiwanda kile kilikuwa na utaratibu wake. Likizuka jambo la siasa lenye moto, mkurugenzi hakuuliza watu wanaonaje. Aliwakalisha kwenye viti vilivyobandikwa karatasi: Mteja, Msambazaji, Serikali, Mfanyakazi, Mwenye Hisa. Ukishakaa, unasema kama yule aliyeandikwa kwenye kiti chako, na maoni yako ya moyoni unayaacha mlangoni.

Siku utaratibu ulipoanza, wifi aliwahi kuingia, akakaa kwenye kiti cha Mfanyakazi. Mama Gawio, mke wa kaka wa huyo wifi, alicheleweshwa na simu, akakuta kimebaki cha Mwenye Hisa. Basi. Tangu hapo mmoja akawa kipenzi cha kiwanda, na mwingine akabandikwa jina hilo la Mama Gawio, kwa kuwa kila akifungua mdomo alitetea faida. Wifi akipita chumba cha kufungashia, watu walimwita wamsalimie. Akipita Mama Gawio, mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa.

Na wifi alijua kuwa ni mchezo wa viti tu. Wakirudi nyumbani alimgonga kwa kiwiko: "Leo umetukaba koo, tajiri! Hata hela ya chumvi hukutuachia!" Mama Gawio alicheka, huku kijiba cha roho kimemkaa palepale.

Msibani mumewe alimwambia, macho mekundu, "Dada aliwapigania watu mpaka mwisho. Wewe mwenzangu ulikuwa unasema nini pale?"

Mtu aliyefiwa unamwelezaje kwamba ni kiti tu?

Walipokaa tena baada ya mazishi, mezani palikuwa na muswada wa kukataza viwanda kuajiri watu waliokimbia vita nchi jirani. Wengi wa wafungashaji walikuwa ndio hao. Kampuni ipinge hadharani au inyamaze?

"Mimi msambazaji nasema funga mdomo," alianza meneja wa mauzo. "Mkipinga, makatoni yenu nayarudisha yote."

"Mimi serikali sisahau haraka," alisema mwanasheria. "Na kibali chenu cha maji kinaisha mwaka huu."

"Mimi mteja," alisema dada wa mapokezi, "nusu yangu nawasusa mkisema, nusu nawasusa mkinyamaza. Bora nioge kwa matope, yaani." Watu wakacheka kidogo.

Mkurugenzi akakigeukia kile kiti kitupu. Sweta ya wifi ilikuwa bado inaning'inia pale. "Marehemu angesema nini?"

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama Gawio akawatazama wanavyoinamia kiti kisicho na mtu. Hata kitupu, kilisikilizwa kuliko yeye! Akasimama, akakiendea.

"Mama Gawio, taratibu," alinong'ona meneja wa mauzo. "Udongo haujakauka."

Akashika mgongo wa kiti. Maneno ya wifi aliyajua yote, hata mahali alipokuwa akishusha sauti. Angeweza kukaa na kuyamwaga. Lakini wangesema wifi amezungumza. Hata hilo angelichukua marehemu. Mama Gawio akauondoa mkono kwenye sweta, akarudi kwenye kiti chake.

"Mimi mwenye hisa," alisema, "nasema tupinge."

"Umekosea kiti, mama," alisema meneja wa mauzo.

"Sijakosea. Natetea faida, kama siku zote. Mikono ile ikiondoka, hayo makatoni unayotaka kunirudishia atayajaza nani? Wewe, na kitambi hicho? Na watakaobaki, wakiona nimewatosa wenzao, watanifanyia kazi kwa moyo gani? Gawio litapungua mwaka huu. Linalopungua ni langu, nami nimekubali. Nani mwingine ana cha kulia?"

Miaka yote, aliyetaka kukwepa jambo alisema wenye hisa hawatakubali. Sasa mwenye hisa alikuwa amekubali, na hapakuwa na mgongo mwingine wa kujifichia.

Mkurugenzi akavua miwani. "Tutatoa tamko," alisema. "Marehemu angefurahi sana. Tutaliandika kwa kumkumbuka."

Wote wakaitikia, wakiitazama sweta.

Mama Gawio alitaka kucheka. Akageuka pembeni, akakosa wa kumgonga kwa kiwiko.

Tamko lilitoka. Wasambazaji wawili walirudisha mzigo. Muswada haujapigiwa kura, na chumba cha kufungashia kina watu walewale, nao bado humwita Mama Gawio. Kiti cha Mfanyakazi amepewa fundi wa mitambo. Mama Gawio anakaa palepale pake, na jioni anarudi nyumbani peke yake.