Pua ya Ña Obdulia

Mimi Nimia ni mtu wa Encarnación, kando ya mto mkubwa, lakini vyura wa San Pedro ni balaa. Tangu niolewe huku sikupata usingizi hata wa kuazima. Mama mkwe wangu, Ña Obdulia, yaani Bi Obdulia, akanionea huruma. Akanichanganyia mafuta ya majani ya mchungwa mchungu, yale anayouza, yanayotona kwenye mtambo wake wa mvuke kule kijitoni, pamoja na mafuta ya nazi, akaniambia nijipake shingoni kila nikienda kulala.

"Utalala kama mtoto mchanga," alisema.

Nilale wapi! Kufikia Jumapili shingo ilikuwa nyekundu, imejaa vipele, na kichwa kinagonga. Nikajifunga kitambaa shingoni, na joto lile la Januari, jamani.

"Mwambie basi," nilimsihi mume wangu, Fulgencio.

"Mimi? Thubutu! Chupa ya Mama hairudishwi. Shangazi Ramonita aliirudisha, mpaka leo wakikutana kanisani kila mtu anatazama dari."

Siku nyingine nilimpenda yule mama kuliko mwanawe, na katika nyumba ile ni yeye aliyenipokea kwa mikono miwili. Niliogopa kumpoteza. Kwa hiyo nikawa naimwaga chupa chooni kidogo kidogo, naye akifurahi kuona inakwisha. Ikaisha, akaanza kuchanganya nyingine.

Siku hiyo tulikuwa jikoni tunakunywa tereré, ile chai ya maji baridi, dirisha limefungwa. Alimimina mafuta ya nazi bakulini, akaanza kutonesha yale makali. Anatonesha, ananusa, anatikisa kichwa.

"Bado hayasikiki."

Akatonesha tena. Mimi machozi yananitoka.

"Mama, kwani unapima vipi?"

"Kwa pua, mwanangu. Ukiyasikia, yametosha. Marehemu mama yangu alipima hivyo hivyo."

Nyuma yake, uani, chipa, ile mikate midogo ya jibini, zilikuwa tanurini. Harufu ya jibini iliyoungua ikaingia mlangoni, nzito kabisa. Yeye kainamia bakuli lake, hana habari.

"Mama, chipa!"

"Zina nini?"

"Zinaungua!"

Tulizitoa zimekuwa mkaa. Akasimama anazitazama.

"Hukusikia harufu?" nilimuuliza.

"Upepo ulielekea kule."

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu usichana wake amesimama juu ya mvuke ule, na pua ilikuwa imekwisha. Kila mchanganyiko alikuwa anauzidishia yale makali bila kujua.

Mficha uchi hazai. Nikafungua kitambaa.

"Yesu wangu! Nani kakufanya hivi?"

"Chupa yako, Mama. Kwetu nilifanya kazi kwa mtengeneza sabuni. Matone matatu kwa kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha. Wewe unamimina kama mchuzi."

"Kwa hiyo pua yangu imekufa? Pua hii imelisha nyumba hii!"

"Imelisha, Mama. Sasa imechoka."

Nilingoja anifukuze. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Ilianza mzee wangu alipofariki," alisema. "Nilidhani ni majonzi. Nilidhani dunia yote imepoteza harufu."

Mimi ndiye niliyelia. Yeye aliinuka, akafungua dirisha, akaenda kulimwaga lile bakuli mbali na kisima, akarudi na kunipa kitoneshi.

Nikatonesha matatu kwenye kijiko cha mafuta ya nazi. Nikajipaka kidogo tu ndani ya kiwiko, nikamwambia tungoje hadi kesho.

"Hadi kesho! Mafuta haya, si nguruwe wa harusi wa kulazwa na viungo."

"Hadi kesho, Mama."

Asubuhi alinivuta mkono hata sijanawa uso. Ngozi ilikuwa safi, hakuna kipele wala muwasho. Akacheka, akanipiga begani, akasema shingo iachwe ipone kwanza. Kisha akaushika mkono wangu asiuachie.

"Nimia. Yananukiaje?"

Nikanusa. "Majani yaliyofikichwa sasa hivi. Ganda la chungwa kwa mbali. Na chini yake kama mti uliokatwa asubuhi."

"Mzee alikuwa akirudi kijitoni na harufu hiyo shatini."

Akanisogezea kigoda chake, akakaa sakafuni miguuni pangu, akafumba macho.

"Hebu sema tena," alisema. "Polepole."