Mji Juu ya Chuma

Daktari Kisanga ameniachia swali na kwenda kuwaona wagonjwa wengine: akitoe chuma alichoniwekea mguuni, au tuendelee na dawa? Anasema vijidudu vimekifanya chuma makao, na kikibaki, mguu wote unaweza kukatwa. Mimi nataka dawa. Mfupa haujaunga sawasawa, na fundi asiyeweza kukanyaga cherehani atakula nini? Wifi yangu Mwajabu ananipepea kwa upande wa kanga, anasema, lala wewe, ukaidi nao unachosha. Nafumba macho, na lile tundu la kidonda, linalofunga na kufumuka tangu masika, linafunguka kama mlango, nami napita. Natembea juu ya barabara ya chuma isiyo na mwisho, inang'aa mpaka naiona sura yangu chini ya nyayo, na kila nikienda najikuta palepale, na palepale pamegeuka mji. Nyumba zimegandana, zimefunikwa ute mzito, ule utelezi unaoota ndani ya pipa la maji, ambao ukiumwagia maji unakucheka mpaka uusugue kwa mchanga. Kando yangu yupo mtu asiye na uso. Namuuliza, mji huu wa nani? Ananijibu, kitendawili. Nasema, tega, maana adabu ni adabu hata ndotoni. Mlinzi wangu akipigana, anaumia mwenye nyumba. Kabla sijategua nawaona askari weupe wameuzunguka mji, wanatafuta mlango, hawauoni, mikono inanasa kwenye ute. Kwa hasira wanamwaga moto, na moto unaunguza mashamba ya nje, na mashamba hayo ni nyama yangu, joto lake nalisikia. Nawaambia, jamani, mnanichoma mimi. Wanasema, mama, tumetumwa kupigana, hatukutumwa kurudi.

Inanyesha mvua chungu, naijua, ni dawa yangu ya sindano. Nafurahi. Wenyeji wa mji waliokaa juu ya mapaa wanaanguka na kufa, lakini mvua inapungua nguvu kila inapozama, ute unaikamata, na wa ndani wanaitema kabla haijapita kooni. Kitendawili, asema yule. Tega. Sumu haimuui asiyekula. Ananishusha chini kabisa, kwenye chuma chenyewe, na huko wamelala watu wengi, hawali, hawazai, wanapumua kidogo tu. Mvua inakatika. Mmoja anafumbua macho, ananyoosha mgongo, anaanza kujenga upya. Naogopa kweli. Nauliza, sasa nifanye nini? Asiye na uso anasema, kiwanja umewapa wewe, unaniuliza mimi?

Nafumbua macho. Jua la mchana limejaa dirishani, na mbele yangu kasimama mtu mwenye macho tu, kwingine kote kitambaa. Wifi, namuuliza Mwajabu, huyu ana uso? Anao, anajibu, amevaa barakoa, wewe vipi? Nashika ukingo wa kitanda, ni chuma, kinang'aa, naiona sura yangu humo. Mama Shemsa, anasema daktari, umeamuaje? Machozi yananitoka, wala sioni haya. Pengine nitachechemea, pengine nitashona kwa mkono mpaka vidole viote sugu. Kitoe, namwambia, halafu ndiyo unipe dawa, kiwanja kikiwa kitupu. Na kama bado naota, kitoe humuhumu.