Kondoo Aliyeimbiwa Kama Ng'ombe

Vestina alimdharau shemeji yake Placidius taratibu, bila haraka, kama mtu anayemenya ndizi za familia kubwa.

Placidius alikuwa mume wa Xaveria, mdogo wake Vestina. Mtu wa ng'ombe, kutoka mbugani. Alikuja Kaisho, kijijini kwa Vestina, kusalimia tu, mvua ikaharibu njia, akakaa. Jembe hakuligusa. Kutwa alikuwa barazani, fimbo mapajani, akiwacheka kondoo wa mwenyeji wake.

"Shemeji, hawa ni mifugo au magodoro yanayotembea?"

"Magodoro hayo ndiyo yaliyomsomesha mkeo. Ng'ombe wako wamemsomesha nani?"

Placidius akatema mate pembeni. Kwao kondoo alikaa na ng'ombe ili kulituliza zizi, basi. Aliyekula nyama ya kondoo alihesabiwa najisi, hakupewa kibuyu cha maziwa.

Msimu ule kondoo wote walizaa madume. Alibaki Kihogo, kondoo mzee mwekundu, wa mwisho wa kizazi ambacho Vestina alipewa na mama yake alipoolewa. Asipozaa jike safari hii, kizazi kimekwisha. Kila asubuhi Vestina alimpapasa tumbo akimnong'oneza, "Nipe binti, mwenzangu. Sote tumezeeka."

Jumapili, Vestina akiwa kanisani, Kihogo akazaa.

Aliporudi aliona moshi ukitoka zizini, akakimbia na kitenge chake cha ibada. Placidius alikuwa amechutama kando ya moto wa samadi. Mbele yake, juu ya koti, alilala mwanakondoo anayeng'aa kama andazi.

"Jike, shemeji!" alisema kwa fahari. "Mvua ilikuwa inamnyeshea. Nimemkausha, nikamsugua samli, kama tunavyowafanyia ndama."

Vestina alimchukua mtoto, akamsogeza kwa mama. Kihogo akanusa mara moja, akamtandika kichwa. Mtoto akaanguka chali.

"Unaona?" Vestina alisema. "Ng'ombe wenu wamezaliwa ndani ya moshi na samli. Huyu anamjua mwanawe kwa harufu yake, na wewe umeifuta! Umempaka harufu yako, na nani anaitaka? Kondo la nyuma liko wapi, nimsugue nalo?"

"Nimempa mbwa. Lilikuwa linatia kinyaa."

"Kinyaa!" Vestina alimtazama kuanzia kofia hadi kandambili, asione pa kuanzia. "Mwanaume mzima. Mshike mama yake, angalau mikono yako ipate kazi."

Alimfuta mtoto samli kwa maji ya vuguvugu. Kisha akakusanya majani makavu ya migomba ambayo Kihogo alikuwa amezalia juu yake, yakiwa bado yamelowa maji ya uzazi, akamsugua nayo mgongo mzima. Juu yake akanyunyiza chumvi kidogo. Kihogo alirusha mateke. Placidius alimkumbatia shingo, akaburuzwa kwenye matope, asimwachie.

Mtoto alikuwa akilegea. Hakulia tena.

Ndipo Placidius akaanza kuimba. Kwanza kwa kuguna, halafu kwa sauti: zile sifa ambazo watu wa kwao huwaimbia ng'ombe waliokataa ndama. Kondoo yule alimwita "mwenye pembe ndefu, mrembo wa malisho, mama wa maziwa."

Mukandekezi, jirani, alichungulia juu ya uzio. "Yarabi! Bwana wa ng'ombe anamposa kondoo!"

Placidius uso ulimwiva kwa aibu. Hakunyamaza.

Kihogo alitulia. Akanusa chumvi, akalamba kidogo, akalamba tena. Vestina alimsukuma mtoto chini ya kiwele, akamkamulia tone mdomoni. Baada ya kitambo mkia mdogo ukaanza kutikisika.

"Nyamaza sasa," Vestina alisema, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Pembe zenyewe hana."

"Shemeji, ulimi uliozoea ng'ombe..."

"Ulimi wako haujawahi kuzoea akili."

Vestina alipoinama kuzima moto aliliona tena lile koti. Ndilo Placidius alilovaa siku ya kumwoa Xaveria, na hakuwa na jingine. Alikuwa amelitandika kwenye tope, chini ya mnyama ambaye nyama yake hawezi hata kuinusa.

Vestina alilifua mwenyewe, mara mbili, kwa sabuni ya kuogea aliyowawekea wageni. Harufu ya kondoo haikutoka. Hakumwambia. Njia ilipokauka alilikunja vizuri, akamkabidhi, akamwacha arudi nalo mbugani kwa wenzake.